Ghorofa ya Chini Kwanza

Tangu nyumba ya wazee ifunge milango yake, Wiebke Tjaden alikwenda kila alasiri kusimama kwenye majani yaliyolowa chini ya dirisha la baba yake, na kila alasiri alirudi kwake sauti imemkauka. Dirisha lilikuwa ghorofa ya pili, juu kabisa, na lilifunguka upenyo wa kupitisha mkono tu, wazee wasije wakaanguka. Yeye chini akipiga kelele, mzee juu akitikisa kichwa, na upepo wa Emden, mji wa bandari huko Ujerumani, ukichukua kilichobaki.

Mzee Okko Tjaden alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye malango ya maji bandarini, akiyafungulia meli na kuyafunga nyuma yao, na ngurumo za mashine zile zilimla masikio. Wiebke mwenyewe ndiye aliyempimia vifaa vya kusikilizia, maana alifanya kazi katika duka linalouza vifaa hivyo, lakini havikumsaidia sana. Mzee alisikia kwa macho. Alitazama midomo ya mtu, akajua anasema nini, akajibu, tena kwa utani. Sasa ugonjwa umekuja, kila mtu ndani ya nyumba ile amefunika uso kwa barakoa, na mzee hakuwa na mdomo hata mmoja wa kuutazama. Walimlisha, walimwogesha, walimgeuza kitandani, na kwake yote yalifanyika kimya kama chini ya maji.

Simu ya kawaida haikumfaa kitu. Muuguzi Jolanta, mwanamke kutoka Poland aliyekaa Emden miaka mingi hadi akaanza kunywa chai kama wenyeji, alijaribu kumshikia simu yake yenye picha. Kuta za nyumba ile zilikuwa nene, mtandao wa simu ukapenya kwa shida, na picha ya Wiebke ikaganda mdomo wazi.

"Anasemaje?" mzee akauliza.

"Imekwama, baba," Jolanta akamwambia nyuma ya barakoa, na hilo nalo mzee hakulisikia.

Kilichomuuma Wiebke zaidi ni kwamba darini, katika kila ukumbi wa nyumba ile, kulikuwa na vifaa vya Wi-Fi vyeupe, vya mviringo kama sahani, vizuri kabisa, na vyote vilikuwa vimekufa tangu mwanzo wa vuli. Kampuni iliyovitengeneza ilikuwa imeacha kuvitengeneza, kisha ikazima seva yake. Na vifaa vile vilikuwa na tabia hiyo: kila kikiwashwa, kwanza kiliomba ruhusa kwa seva ya kampuni. Sasa seva haipo, wa kujibu hayupo, basi kinakaa na taa yake ya rangi ya chungwa, hakifanyi lolote. Ukitaka kukitia programu nyingine, kinakataa. Kimefungwa, kinakubali tu programu yenye muhuri wa siri wa kampuni.

Mambo hayo Wiebke aliyajua. Kabla ya duka la vifaa vya masikio alikuwa fundi wa redio za meli, mpaka kiwanda cha meli kilipopunguza watu. Na kila Alhamisi, kabla ya ugonjwa, alikutana na wenzake wachache nyuma ya duka la baiskeli. Waliokota vifaa vilivyotupwa, wakaving'oa programu ya mwenye kiwanda na kuvitia programu huria, ile inayoandikwa na watu wa nchi mbalimbali, ambayo yeyote anaweza kuichukua, kuisoma na kuibadili apendavyo. Vikifufuka walivifunga mitaani ili watu wapate mtandao bila kuombana. Baba yake alimcheka kwa hilo. "Umeniletea maiti mwingine mezani?" alikuwa akimuuliza siku zile mzee alipokuwa bado anaishi kwa bintiye. "Mwanangu, watu wengine hufuga paka."

Mapema Desemba alikwenda mlango wa jikoni wa ile nyumba akamwita msimamizi, Bi Onken. Walisimama mbali mbali, mmoja ndani ya kizingiti, mwingine mvuani.

"Nipe vile vya darini, Bi Onken. Nitavifungua."

"Utavifungua vipi? Fundi aliyevifunga amesema ni vya kutupa."

"Kwa kampuni ni vya kutupa. Ndani ni vizima."

"Makao makuu wameniambia nisubiri. Vipya vimeshaagizwa."

"Vinafika lini?"

Bi Onken akatazama masufuria. "Machi, wamesema."

"Machi," Wiebke akarudia. "Hapo watakuwa wamebaki wangapi?"

"Usinifanyie hivyo," Bi Onken akasema. Hakukasirika. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. "Nikitoa mali ya nyumba kwa mtu wa nje, nikaja kuulizwa, nitasema nini? Nenda nyumbani, Bi Tjaden. Umelowa."

Wiebke akaenda. Wiki ile ugonjwa uliingia ghorofa ya chini, kule walikolazwa walio dhaifu zaidi, na gari jeusi likaanza kuonekana nyuma ya nyumba. Watu wa mtaa walipunguza mwendo wakipita, kisha wakaacha kabisa kupita upande ule. Walioondoka hakuna aliyewaaga, isipokuwa wauguzi waliovaa kama watu wa kupuliza dawa za wadudu. Mwishoni mwa wiki simu ya Wiebke ililia.

"Njoo mlango wa jikoni," Bi Onken akasema. "Mimi sijui lolote, umenielewa? Jolanta ameshapanda ngazi."

Vililetwa ndani ya mfuko wa kufulia mashuka. Wiebke alivifuta kimoja kimoja kwa spiriti, akavipanga kwenye meza ya jikoni kwake, akachemsha chai, akatia sukari ya mawe kikombeni na kuisahau chai yenyewe. Njia rahisi haikufua dafu. Vifaa vingine, ukibonyeza kitufe wakati wa kuwasha, vinapokea programu mpya kupitia waya. Hivi vilipokea, vikaitazama, havikuona muhuri, vikaitupa. Ikabaki njia ngumu: kubandua kifuniko, kutafuta chipu ndogo nyeusi yenye miguu minane inayoshika programu, kuibana kwa koleo dogo lenye meno ya shaba, na kuiandika upya moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, mwanzo mpya usiouliza muhuri wa mtu.

Njia hiyo aliijua vizuri mwenzake wa Alhamisi, Folkert, mpishi wa mikate mwenye mikono kama makafi. Wiebke alimpigia, akaweka simu juu ya meza.

"Umeshabana?" Folkert akauliza.

"Nimebana."

"Umechomoa umeme kwanza?"

"Folkert, mimi nilikuwa nikitengeneza redio za meli wewe unachezea unga."

"Unga ndio ulionilea. Haya, soma chipu mara mbili, ulinganishe. Zikifanana, andika."

Cha kwanza kilifufuka. Taa ya chungwa ilizimika, ikakaa kimya kitambo kilichomtoa Wiebke jasho, kisha ikawaka kijani, na kwenye simu yake likatokea jina la mtandao alilolichagua mwenyewe. Akapiga makofi peke yake jikoni. Cha pili kikafuata, na cha tatu. Kazi ikamkolea. Akaanza kumwona baba yake mbele ya kioo cha tableti, akimtazama midomo, akimuuliza kama bado anafuga maiti. Mikono ikaharakisha.

Hakuona kwamba baadhi ya vifaa, kwa nje sawa na wenzake, ndani vilikuwa na chipu ya aina nyingine, ya umeme mdogo zaidi. Alibana, akawasha.

"Kimenuka," akasema.

"Kimenuka vipi?"

"Kimenuka, Folkert! Moshi!"

Folkert akasema taratibu, "Basi hicho kizike. Soma maandishi ya chipu kabla ya kugusa kingine."

Lakini Wiebke alikuwa ameshabana kingine tangu mwanzo, waya wa pili, ili asipoteze muda, na nacho kilikuwa cha aina ileile. Vikafa viwili. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya chipu ile ya umeme mdogo, na kuvigusa kulihitaji kipande cha kati cha kupunguza umeme, kidude kidogo kuliko ukucha, ambacho Emden nzima hakikuwapo dukani, na maduka yenyewe yalikuwa yamefungwa. Akaagiza kwa posta. Ilikuwa inakaribia Krismasi, na posta ilikuwa imezidiwa na mizigo ya nchi nzima iliyojifungia ndani.

Vilivyofufuka vilitosha ukumbi mmoja.

Akavirudisha mlango wa jikoni ndani ya mifuko. Bi Onken alikuja mwenyewe, akaitazama ile mifuko.

"Ghorofa ngapi?" akauliza.

"Moja. Vilivyobaki vinangoja kidude kinachokuja kwa posta. Viwili nimeviunguza."

Bi Onken hakuuliza zaidi. Akasema, "Baba yako yuko juu. Sikiliza, ukiniambia tuanze juu, hapa hakuna atakayekunyooshea kidole. Umevifungua wewe."

Wiebke alikuwa ameshalifikiria jambo hilo njia nzima, na njia nzima alikuwa amejiambia: juu. Alikuwa hata ameshaandaa maneno ya kujitetea. Lakini mlango uliokuwa nyuma ya Bi Onken ulikuwa wazi, na kule ukumbini akaona kitanda chenye magurudumu, tupu, kimevuliwa shuka, muuguzi akikifuta chuma kwa chuma.

"Wanaokufa wako wapi?" akauliza.

"Unajua wako wapi."

"Basi chini kwanza." Akaweka mifuko sakafuni upesi. "Kidude cha posta kikifika, namaliza juu siku hiyohiyo."

"Bi Tjaden."

"Chukua, nimesema. Chukua kabla sijabadili mawazo."

Jolanta alipanda ngazi ya kufikia dari, Wiebke akasimama nje dirishani akimwonyesha kwa mikono waya upi uende wapi. Mtandao ukashika. Wa kwanza kuutumia, kutoka nyumbani kwake, alikuwa Bi Saathoff, ambaye mumewe, aliyekuwa dereva wa treni, alikuwa amelala pale chini akivuta pumzi kwa mashine. Jolanta alimsimulia Wiebke baadaye, wakiwa wamesimama kila mmoja upande wake wa uzio. Bi Saathoff hakulia wala hakusema maneno makubwa. Alimgombeza mumewe kwa kuacha koti lake la mvua bila kuanikwa tangu Oktoba, likaota ukungu, na mume akacheka mpaka mashine ikapiga kelele. Kesho yake mume aliaga dunia. Baada yao walikuja wengine, mtu na mwanawe, mtu na dada yake, mmoja baada ya mwingine, tableti haipoi.

"Na baba?" Wiebke akauliza.

"Anarudisha sahani."

"Anarudisha vipi?"

"Anaisukuma. Mimi nilimwandikia kwenye ubao, herufi kubwa: Okko, kula, binti yako anakuja kwenye picha. Akasoma. Akaugeuza ubao ukaangalia chini." Jolanta alijaribu kutabasamu, macho yakakataa. "Si mgonjwa, dada. Kifua safi, homa hana. Amechoka tu kuwa peke yake."

"Mshushe chini, dakika kumi tu. Nimwone."

"Chini kuna ugonjwa. Nikimshusha na akaupata, je?"

Wiebke alikwenda dirishani kama kawaida. Mzee hakuja. Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, akipunga mkono kwa pazia.

Kidude kilifika baada ya Krismasi, asubuhi, ndani ya bahasha iliyokunjwa vibaya. Wiebke hakuvua hata koti. Safari hii alisoma maandishi ya chipu kwa kioo cha kukuzia, akasoma chipu yenyewe mara mbili, akalinganisha, akaanza kuandika. Simu ikalia. Alidhani ni Folkert.

"Bi Tjaden," Bi Onken akasema. "Keti kwanza."

"Nimeketi."

"Jolanta amemkuta kwenye kiti chake. Alikuwa amejivalisha mwenyewe, na tai. Hatujui kwa nini tai."

Mbele ya Wiebke kompyuta iliendelea kuandika, mstari juu ya mstari. Hakuichomoa. Ukikatiza katikati, kifaa kinakufa, na pale juu walikuwapo wengine waliokuwa wakingoja. Akakaa, mkono mmoja juu ya meza, simu sikioni, Bi Onken akilia upande wa pili, mpaka ikaisha.

Kaka yake, Enno, aliishi Oldenburg, mwendo wa gari usiofika hata saa mbili, lakini hakuwa amefika Emden tangu kiangazi. Wiebke alimwambia yote, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha: vifaa, moshi, mlango wa jikoni, alichoulizwa na alichojibu.

"Subiri," Enno akasema. "Rudia hapo. Vilikuwa mkononi mwako?"

"Vilikuwa mkononi mwangu."

"Na mama yule akakuuliza kabisa, vikae wapi?"

"Akaniuliza."

"Ungepandisha kimoja! Kimoja tu, Wiebke! Wale wa chini ungewaachia vilivyobaki, nani angejua?"

"Kimoja kisingefika chumbani kwake. Kuta zile..."

"Usinifundishe mimi kuta!" Enno akapiga kelele. "Wewe na takataka zako. Watu usiowajua umewapa, baba yako umemwacha ajifie kama mbwa aliyefungwa."

"Wewe ulikuwa wapi?" Wiebke akauliza, na akajuta kabla sentensi haijaisha.

Enno akakata simu. Baadaye alipiga tena, hakuomba radhi, ila alilia kwa muda mrefu, na Wiebke akamsikiliza, kwa sababu angalau hicho aliweza kumpa.

Walimzika mwanzoni mwa Januari. Walioruhusiwa walikuwa wachache, na hata hao walisimama mbali mbali kama watu waliogombana. Mchungaji alisoma haraka, mvua ya mawe ikimpiga kitabuni. Enno alisimama upande wa pili wa kaburi. Walipotazamana, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinamisha macho.

Nje ya uzio wa makaburi mwanamke mmoja alikuwa akingoja chini ya mwavuli. Alijitambulisha: Saathoff.

"Sikuja kukusumbua siku kama ya leo," akasema. "Nataka tu kukushukuru. Nilimwona akicheka. Bila wewe ningebaki na lile gari jeusi tu."

Wiebke alijua angepaswa kusema ahsante, au si kitu. Badala yake akasema, "Ninajuta."

"Unajuta nini?"

"Kuanza chini. Kila asubuhi nikiamka ninajuta. Ningeulizwa leo, ningesema juu."

Bi Saathoff hakuonekana kuumia. "Basi juta," akasema. "Mimi hapo siwezi kukusaidia. Mimi nilimpata wangu." Akamkabidhi kitu kilichofungwa kwa karatasi, keki ya siagi, bado ina joto kidogo, akaondoka zake.

Vifaa vya ghorofa ya kwanza na ya pili vilifungwa wiki ile. Jolanta alipanda ngazi, na Wiebke akakaa ndani ya gari lake nje, kompyuta mapajani, akitazama vikiamka kimoja baada ya kingine. Cha mwisho kilikuwa cha ukumbi wenye chumba cha baba yake. Kilipokaa sawa aliona tableti ya kwanza ikiunganika kutoka kule juu. Hakujua ni ya nani. Alifunga kompyuta, akawasha gari.

Vile vipya vilivyoagizwa havikuja Machi. Vilikuja kiangazi cha mwaka uliofuata, na makao makuu walipoona vya zamani vinafanya kazi, wakavipeleka nyumba nyingine. Hakuna aliyemuuliza Bi Onken chochote. Mwenyewe aliacha kazi muda mfupi baadaye, akaenda kufanya kazi kwenye kitalu cha maua.

Wiebke ndiye anayeitwa hadi leo kifaa kikileta shida. Milango ilipofunguliwa aliingia, akasalimiana na Jolanta ana kwa ana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, wakashikana mikono bila kuachiana. Anatengeneza vya ghorofa ya chini na vya ghorofa ya kwanza, anapanda ngazi mwenyewe, anatania na wazee. Ikiwa ni ghorofa ya pili, anadai mguu unamuuma, anampigia Folkert.

"Mguu tena?" Folkert huuliza.

"Mguu," Wiebke hujibu.

Folkert huja na unga bado mikononi, hupanda, hutengeneza, hushuka. Wiebke humngojea chini kwenye kiti cha mapokezi, mgongo kwa ngazi.

Enno hupiga simu siku za Jumapili. Wanaongea hali ya hewa, bei ya mafuta, goti la Enno linalomsumbua. Mara moja tu aliuliza, ghafla, katikati ya maneno mengine, "Ile tai, ilikuwa ipi?"

"Ya kijani," Wiebke akasema. "Ya harusi yako."

Enno akarudi kwenye goti.